Barua za tumbo: ngano, kamera na mikate ya bibi

Mwezi huu barua karibu zote ni za ngano. Nadhani ni kwa sababu huko mitandaoni kila mtu sasa anaongelea gluteni, ile protini ya ngano, mara ni sumu, mara ndo chanzo cha kitambi, na katikati ya kelele hizo wapo watu ambao kweli ngano inawaumiza na hawajui waanzie wapi. Nimechagua chache, nyingine nimezikata maana jamani mnaandika, majina nimeyaacha.

Niliacha ngano, kipimo kikasema sina kitu

"Habari dada. Niko na miaka 34, naishi Nairobi. Tumbo imenisumbua kwa miaka, inafura, naharisha wiki nzima halafu inafunga, na damu yangu iko chini kila nikipimwa, zile tembe za madini ya chuma nimemeza mpaka nimechoka. Nimetibiwa taifodi sijui mara ngapi, amiba, vidonda vya tumbo, yote. Mwaka jana nikaona video ya mwanamke wa Uingereza akieleza dalili kama zangu, nikaacha chapati, mandazi, mkate. Nikaskia afadhali kabisa. Juzi nikaenda kupimwa damu ya hiyo siliaki, majibu ikakuja hasi. Daktari akasema ati ni mawazo tu, na huo ni ugonjwa wa wazungu. Sasa nirudie chapati ama?"

Pole dada yangu. Tuanze na hicho kipimo maana hapo ndo mambo yalipoharibika. Siliaki ni kinga ya mwili iliyochanganyikiwa. Mtu aliyerithi mbegu yake akila gluteni, yaani ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda (iko pia kwenye shayiri na nafaka ya rai), kinga inaweza kuanza kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo vidogo vinavyofyonza chakula, vikishambuliwa vinalala bapa, chakula kinapita tu, ndo unaona damu haipandi hata umeze vidonge gunia zima. Sasa kile kipimo cha damu, tTG-IgA, kinatafuta kingamwili za hayo mashambulizi. Ukikaa miezi bila ngano mashambulizi yanapoa, kingamwili zinashuka, kipimo kinatoka hasi. Kwa hiyo majibu yako hayajasema kama una siliaki au huna, yamesema tu kwamba ulikuwa huli ngano, kitu ambacho ulikuwa unakijua bila kulipia maabara.

Ningekuwa na rangi na ukuta ningeandika pale stendi: usiache ngano kabla hujapima. Wewe ushaacha, basi una njia mbili. Ya kwanza ni kurudia. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, unataka mtu awe anakula gluteni kwenye mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa wiki 6 angalau kabla ya kupima, kwa hiyo ni chapati asubuhi, mkate jioni, kila siku, na ndio, tumbo litakusumbua tena, ndo maana uifanye na daktari anayekufuatilia na siyo ukiwa na mimba. Ya pili ni kipimo cha vinasaba, HLA-DQ2 na DQ8, hiki hakijali umekula nini. Ila kisome vizuri, ukikosa vyote viwili siliaki unaifuta karibu kabisa, lakini ukiwa navyo haina maana unaumwa, kuna watu kibao wanavyo na wanakula mikate maisha yao yote bila shida yoyote.

Na ukirudi maabara waambie wapime na IgA jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo. Wapo watu waliozaliwa na IgA kidogo mno, na wenye siliaki ndo huwa hivyo zaidi kuliko wengine, mtu kama huyo tTG-IgA yake itatoka hasi hata utumbo uwe umechakaa namna gani, inabidi wapime kwa IgG, kingamwili za aina nyingine. Damu ikitoka chanya mtu mzima kwa kawaida anameza kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Kamera ipo Kenyatta, ipo Aga Khan hapo kwenu, na kwa wasomaji wa Tanzania ipo Muhimbili, KCMC, Bugando. Hapo omba jambo moja tu, tena liombe kabla hujalazwa kitandani: wachukue vinyama vya kutosha kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba, vinne au zaidi, maana huu ugonjwa unakaa kwa mabaka na kinyama kimoja kinaweza kutoka kwenye sehemu isiyoshambuliwa. Watu wengi wanamezeshwa kamera, wanaangaliwa vidonda kwenye mfuko wa chakula, wanapewa omeprazo wanarudi nyumbani, utumbo mwembamba hakuna aliyeugusa.

Hilo la ugonjwa wa wazungu mwambie huyo daktari kwa heshima kwamba watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi kule Aljeria, walipopimwa na utafiti ukachapishwa mwaka 1999, zaidi ya watoto 5 kwa kila 100 walikutwa nao. Ulaya huwa ni kama mtu 1 kwa 100. Na hao Wasahrawi ni Waafrika wenzetu, chakula chao kikubwa siku hizi ni mkate.

Lakini na wewe dada usijifunge na siliaki kabla ya majibu. Fikiria, ulipoacha mandazi na chapati, chai ya maziwa ulikunywa na nini? Wengi wakiacha ngano wanaacha na maziwa bila kujua, na Waafrika wengi tukishakua hatuna uwezo wa kumeng'enya laktosi, ile sukari ya maziwa, tumbo linajaa gesi na kuharisha vilevile. Halafu ngano yenyewe ina sukari fulani inaitwa fruktani, iko pia kwenye vitunguu na saumu, inachacha tumboni kwa watu wenye utumbo mwepesi kukasirika. Chuo Kikuu cha Monash kule Australia mwaka 2013 walichukua watu waliosema gluteni inawaumiza ila hawana siliaki, wakawapunguzia kwanza sukari za aina hiyo, kisha wakawawekea gluteni kwa siri, na gluteni haikuonekana kuleta tofauti. Kwa hiyo nafuu yako ni ya kweli, hayo ya "mawazo tu" yapuuze, ila chanzo chake bado hakijulikani. Na damu kuwa chini kuna minyoo ya safura, kuna hedhi nzito, kuna giadia (kimelea cha utumbo), hivi vyote viangaliwe kwanza maana ni rahisi kuviangalia na vinatibika.

Kitu ambacho sitaki ukifanye ni kwenda kwenye ile mashine ya kushika kirungu mkononi halafu inaprinti karatasi ya magonjwa yako yote kuanzia ini mpaka wivu. Haipimi chochote. Wala zile paketi za kupima "vyakula 200 vinavyokudhuru", hizo zinaonyesha tu vyakula unavyokula mara kwa mara.

Nataka kupungua, niache ngano?

"Mambo dada, mimi sina shida yoyote, naomba tu kujua kama kuacha gluteni kutanipunguza kilo 10 kabla ya harusi mwezi wa kumi na mbili."

Ukiacha mandazi ya kukaanga, keki na biskuti utapungua, na gluteni haitakuwa na habari. Ukizihamishia kwenye chipsi na wali bakuli zima utarudi palepale. Hongera kwa harusi.

Mama mkwe na bokoboko

"Asalaam alaykum dada. Nnaishi Maskati, asili yetu Unguja. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, ana kisukari cha sindano tangu mdogo, na mwaka huu kwenye vipimo vyake vya kawaida wamekuta na siliaki, hata kamera imefanywa. Mwenyewe hana dalili, haharishi, anacheza tu. Tabu yangu ni bibi yake, mama wa baba. Kila tukenda kwake anampa mkate wa ufuta, anampa bokoboko, nikisema ananambia kidogo hakimdhuru, mbona sie tumekula miaka yote. Na Ramadhani hiyo inakuja. Nifanye nini na sitaki kumvunjia heshima mzee wa watu?"

Waalaykum salaam mama, na pole kwa mzigo wa maradhi mawili kwa mtoto mmoja. Haya mawili yanaandamana sana, kwenye watoto wenye kisukari aina ya kwanza ni kama mmoja kati ya ishirini anakutwa na siliaki, na wengi wao wako hivyohivyo kama wako, hawalalamiki chochote. Ndo maana hospitali nzuri wanawapima hata bila dalili. Ila kutolalamika kusikudanganye, utumbo unaliwa kimyakimya, mtoto anaweza akachelewa kurefuka, mifupa ikawa dhaifu, na sukari ikawa inaanguka ghafla bila sababu maana umempiga insulini ya chakula ambacho hakikufyonzwa chote. Ukishaanza kumtoa ngano na utumbo ukapona, chakula kitaanza kuingia sawasawa, na dozi ya insulini inaweza kuhitaji kupanda, kwa hiyo kliniki ya sukari wajue siku mliyoanza, msijibadilishie wenyewe.

Sasa "kidogo hakimdhuru". Kuna utafiti ulichapishwa 2007, watu wazima wenye siliaki waliokuwa wameshaacha gluteni wakapewa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi 3, na utumbo ukaharibika. Slesi moja ya mkate ina gramu 2 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe: ukigawa slesi vipande arobaini, kimoja tu kwa siku kinatosha. Makombo ya mkate wa ufuta yanayobaki kwenye sinia ni zaidi ya hapo. Na bokoboko ndo usiseme, ile ni ngano yenyewe imepondwa na nyama.

Kuhusu mama mkwe. Wewe nyamaza. Maneno haya ayaseme mwanawe, mumeo, na kama mumeo anamuogopa mama yake (wengi wanaogopa, hata wenye mvi) basi siku ya kliniki mwombeni bibi awasindikize, akae mbele ya daktari, aulize anavyotaka, aelezwe yeye kama mkubwa wa familia. Bibi akisikia kutoka kwa daktari hatajiona amekatazwa na mke wa mwanawe. Tena mkabidhini yeye chakula cha mjukuu. Bibi wa Unguja anajua mkate wa kumimina, huo ni mchele na nazi, mwambieni mjukuu anautaka wa mkono wake kila Ijumaa, awe na chombo chake, na hamira iliyoandikwa viungo. Vitumbua vilevile, ila awe mkali, wapo wanaotia unga wa ngano kidogo "ushikane". Mkate wa mofa wa zamani ulikuwa wa mtama, siku hizi wengi wanatia ngano, kwa hiyo wa dukani aache.

Na pia mwambie mumeo kwamba ndugu wa damu wa mgonjwa, wazazi na ndugu wa tumbo moja, kama mmoja kati ya kumi naye anakutwa nao. Wote mpimwe, kabla hamjaacha ngano nyumba nzima. Huenda mbegu imetoka hukohuko kwa bibi na yale "maumivu ya gesi" yake ya miaka yote yakapata jina.

Ramadhani yenyewe si mbaya kama unavyoogopa, futari ya kwetu imejaa vitu salama: muhogo wa nazi, ndizi, viazi vikuu, magimbi, kunde, samaki wa kupaka, tende, uji wa mtama au wa mchele. Vya kukimbia ni sambusa, kaimati, tambi, visheti, chapati, na hiyo shurba ya huko Oman maana wengi wanaipika na ngano au oti. Oti zenyewe zina afadhali lakini zinachanganyika na ngano shambani na kiwandani, mpe zile tu zilizoandikwa hazina gluteni, tena baada ya daktari kukubali. Halua uliza imepikwa na wanga gani. Bajia za dengu hazina neno ila ziwe zimekaangwa kwenye mafuta ambayo sambusa haijaingia, hili la mafuta watu wanalisahau sana, mafuta ya sambusa yamejaa unga. Jikoni mtengee kibao cha kusukumia, mti wake, chujio na kikaango. Upawa uliochota tambi usiingie kwenye wali wake. Vyombo vya chuma na glasi vikioshwa vizuri kwa sabuni havina shida, msije mkanunua jiko jipya.

Upele wa viwiko

"Dada shikamoo. Mume wangu anatoka malengelenge madogo kwenye viwiko, magoti na makalio, yanawasha mpaka anajikuna damu. Tumepaka dawa za fangasi, za upele, tumeambiwa amerogwa. Nimesoma kwamba inaweza kuwa ngano. Tumbo lake zima. Tuko Tanga."

Marahaba. Inaweza kweli. Kuna aina ya siliaki inayotokea kwenye ngozi na sehemu ulizozitaja ndo zake hasa, pande zote mbili sawasawa, na wengi wao tumbo haliwasumbui kabisa. Lakini na upele wa kawaida unawasha hivyohivyo, unakaa sana kwenye vidole, na nyumba nzima mnajikuna, kwa hiyo kama wewe na watoto hamjikuni hapo pana jambo. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na muombe achukue kinyama kwenye ngozi isiyo na upele iliyo pembeni ya lengelenge, siyo lengelenge lenyewe, hapo ndo kingamwili inaonekana kwenye darubini. Sheria ni ileile, ngano asiache kabla ya hapo.

Ikithibitika, dawa ya kutuliza inaitwa dapsoni, ileile ya ukoma, inafanya kazi haraka mpaka watu wanashangaa. Ila narudia mara mbili kwa sababu mko pwani: kabla ya kidonge cha kwanza apimwe G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wa G6PD uko mwingi kwenye maeneo ya malaria, na mwenye nao akimeza dapsoni chembe zake za damu zinapasuka. Usikubali mtu akuuzie dukani kwa kusikia jina tu. Na dapsoni inatuliza ngozi, haiponyi utumbo, ngano bado itabidi aiache, na upele wenyewe unaweza kuchukua miezi, hata mwaka na zaidi, ndo uache kurudi.

Hostia

"Tumsifu Yesu Kristo. Nilipimwa nikiwa masomoni Italia nikakutwa na siliaki, sasa nimerudi Songea. Kule parokia ilikuwa na hostia maalumu. Huku nikimwambia katekista anacheka. Je naruhusiwa kukomunika kwa kipande kidogo tu? Au niache kabisa?"

Milele amina. Usiache, na kipande kidogo cha hostia (mkate wa komunyo) ya kawaida usile, kila Jumapili inajumlisha, na ukisali kila siku ndo kabisa. Kanisa Katoliki lilishaliandikia jambo hili, mwaka 2003 barua ilitoka Roma ikiwa imesainiwa na Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto, na mwaka 2017 Kardinali Robert Sarah wa Guinea akalirudia. Msimamo ni kwamba hostia isiyo na gluteni hata chembe haifai kwa misa maana lazima iwe ngano, lakini hostia ya ngano iliyotolewa gluteni ikabaki kidogo sana inafaa. Ndo hizo ulizokuwa unapewa Italia. Ni nyepesi na hazina uzito kwenye posta, mwombe mtu wa huko akutumie boksi, uziweke kwa paroko kwenye chombo chake chenye kifuniko, ziwekwe kwenye patena, ile sahani ya hostia, ya peke yake.

Njia nyingine ni kukomunika kwa divai peke yake, hii nayo inaruhusiwa, na paroko ndiye wa kuongea naye, katekista muache acheke. Ila sikiliza, padre kabla ya komunyo huwa anaumega mkate na kudondosha kipande kwenye kalisi, kile kikombe cha divai. Divai ya kalisi hiyo tayari ina ngano. Omba kalisi ndogo ya pembeni. Kwa wasomaji wa madhehebu mengine mambo huwa mepesi zaidi, nasikia mahali wanatumia hata muhogo, muulize mchungaji.

Mbege na ndizi

"Dada mambo vipi, mimi ni Mchaga, bia nimeacha kwa sababu ya siliaki, nimeambiwa ni shayiri. Je mbege? Na mama yangu anasema ndizi zinatibu kabisa huu ugonjwa, ana ushahidi eti kuna daktari mzungu alisema."

Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na msesewe wa kuipa uchungu. Ulezi hauna gluteni. Kwa hiyo mbege ya nyumbani kwa mtu unayemjua iko sawa, kwa kiasi, ya kilabuni uliza kimea ni cha nini maana ulezi ukipanda bei watu wanakuwa wabunifu.

Mama yako hajatunga. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba amewatibu watoto wenye siliaki kwa kuwalisha ndizi, na watoto kweli walipona, waliokuwa wanakufa wakanenepa, na kwa miaka mingi ndizi zikawa ndo tiba. Kumbe walipona kwa sababu mlo wake wa ndizi ulikataza mkate. Yeye akadhani dawa ni ndizi, watoto wakishapona wakaruhusiwa mikate, na ugonjwa ukarudi. Aliyekamata mwizi ni Mholanzi, Willem Dicke, daktari wa watoto wa The Hague. Alishaanza kushuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili, halafu majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilipigwa na njaa, Wajerumani wamebana chakula, mkate hakuna, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengine wanakonda, wa siliaki wanapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza kuumwa upya. Mwaka 1950 akaiandika yote kwenye tasnifu yake pale Utrecht. Kwa hiyo mwambie mama ndizi zake ziendelee, machalari, mtori, kitawa, vyote ule, ila asikupe na mkate wa pembeni.

Mashine ya kusaga

"Shikamoo dada, niko Dodoma. Nimeacha ngano mwaka mzima baada ya kupimwa, nakula ugali wa mtama na uwele, sili hotelini kabisa, lakini kipimo cha damu bado kiko juu na kuharisha hakujaisha. Nakosea wapi?"

Marahaba. Mtama na uwele wako hauna kosa, nashuku mashine. Mashine za mtaani zinasaga kila kitu, na kabla yako yupo mama ameleta uji wa lishe wa mtoto, humo kuna mahindi, soya, karanga, na mara nyingi sana kuna ngano. Unga wake unabaki kwenye mashine na kwenye ule mfuko wa kitambaa, halafu unaingia kwenye debe lako. Hata ukiwahi asubuhi wa kwanza, ni mabaki ya jana. Ushauri wangu kwa huu mwezi au miwili: nunua nafaka nzima, ipepete, ipembue kwa mkono, ioshe, ianike kwako, usage kwa mashine ndogo ya nyumbani au utwange kwenye kinu. Au tafuta mwenye mashine anayesaga mahindi tu na asiyekubali ngano, wapo. Unga wa pakiti uwe wa aina moja, na soma kama kiwanda kinasaga na ngano. Kipimo cha kimataifa kwa vyakula vinavyoandikwa havina gluteni ni isizidi miligramu 20 kwa kilo, unga wa mashine ya mtaa hakuna anayeujua.

Pitia na vitu vingine: soseji, mchuzi wa soya, supu za pakiti, vinywaji vya unga vyenye kimea (hicho ni shayiri), hata urojo ukienda Zanzibar, ule uzito wake ni unga wa ngano. Halafu usiogope sana kuhusu kipimo, tTG inashuka taratibu, kwa watu wengine inachukua mwaka na zaidi hata wakila vizuri. Muhimu ni kama inashuka, kwa hiyo chukua yale majibu ya kwanza ulinganishe, na mpime maabara ileile maana kila maabara ina namba zake. Ikiwa imeganda palepale na mashine umeshabadili, rudi kwa daktari, aangalie laktosi, giadia, na kongosho, na apime chuma, foliki, B12 na vitamini D kwa wakati mmoja ili usitobolewe mara nne.